Dawa ya Kukausha Mate: Jina na Kazi ya Atropini Kabla ya Usingizi wa Wanyama

Madhumuni ya makala haya ni kueleza aina moja ya dawa ambazo madaktari wa mifugo huzitanguliza kabla ya kumtia mnyama usingizi wa upasuaji, na pamoja na hayo kueleza taabu ya jina ambayo dawa hizo zimemletea mtu ambaye kazi yake si kutibu, bali kuchunguza maneno. Yamkini msomaji atauliza mwalimu wa lugha ametafuta nini katika zizi la ng'ombe. Jibu ni kwamba niliingizwa humo na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nililetewa karatasi ya maelezo iliyokusudiwa maofisa mifugo wa vijijini, nitazame Kiswahili chake kabla haijapigwa chapa. Mfasiri alikuwa ameliacha neno moja la kigeni kama lilivyo, yaani antikolinejiki, na kulielezea kwa mstari mmoja kwamba hupunguza mate. Mimi nilifundishwa ughaibuni, nami nikarudi nikawafundisha wengine, kwamba istilahi njema ni ile inayojieleza yenyewe kwa msikilizaji wake. Basi nikalifuta neno lile refu nikaandika mahali pake "dawa ya kukausha mate". Nikaona nimefanya kazi njema. Baada ya juma moja alinijia daktari wa mifugo aliyepewa rasimu ile aihakiki. Alikaa, akanywa chai, akasema, "Mwalimu, Kiswahili chako kitamu, lakini kwa neno hili utaniulia ng'ombe." Sehemu kubwa ya haya nitakayoyaandika ni yale niliyojifunza kwake siku ile, na katika kusoma kwangu baada ya siku ile.

Yafaa tuanze na usingizi wenyewe. Kiswahili kina neno la zamani kwa ajili yake, nusukaputi, ambalo aghalabu hufasiriwa kuwa nusu ya kufa. Sijui neno jingine lenye ukweli zaidi kuliko hilo. Mnyama aliyetiwa usingizi wa dawa hayuko katika hali ya mbwa aliyelala kivulini mchana. Mbwa wa kivulini humeza mate yake, hukohoa likimwingia tone kooni, na hugeuka akibanwa pumzi. Aliye katika nusukaputi hafanyi hata moja katika hayo. Mate yakikusanyika nyuma ya ulimi hayana wa kuyameza, na yakishuka upande wa mapafu hayana wa kuyakohoa.

Katika zama za etha jambo hili lilikuwa hatari ya kila siku. Etha ilionyeshwa hadharani katika upasuaji wa binadamu mjini Boston mwezi wa Oktoba 1846, na haikuchukua muda mrefu kuwafikia wanyama. Mvuke wake huwasha koo na njia za pumzi, na mwili hujibu kwa kutoa mate na makamasi mengi. Kwa paka, ambaye koo lake la hewa ni jembamba, makamasi kidogo tu huweza kuiziba njia yote. Kwa sababu hiyo ikawa desturi kumchoma mnyama sindano ya atropini kwanza, mate yapungue, kisha ndipo avutishwe etha. Katika zama zile, na kwa mnyama yule, jina "dawa ya kukausha mate" lingalikuwa na haki yake. Lakini zama zimepita na etha imepita pamoja nazo. Halothani iliyoingia kazini mwaka 1956, na aisoflureni iliyofuata baadaye, hazichochei mate kwa kiasi kile. Desturi ya kumpa kila mnyama atropini imekuwa ikipungua tangu hapo, na siku hizi daktari huulizwa ana sababu gani ya kuitoa, wala si kwa nini hakuitoa. Sababu hiyo mara nyingi si mate. Ni moyo.

Kuna neva itokayo katika ubongo, ya kumi katika hesabu ya neva za kichwa, inayoshuka shingoni na kugawanyika kwenda kwenye moyo, mapafu, tumbo na matumbo. Wanazuoni waliiita kwa neno la Kilatini vagus, maana yake mzururaji, kwa ajili ya safari yake ndefu. Neva hii hufanya kazi kama hatamu: ikivutwa, moyo hupunguza mwendo. Namna inavyovuta ilidhihirishwa na Otto Loewi mjini Graz mwaka 1921. Aliitoa mioyo miwili ya vyura, akaisisimua neva ya moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mapigo, kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule akayatia katika moyo wa pili, ambao haukuguswa neva yoyote. Nao ukapunguza mapigo vilevile. Maana yake ni kwamba neva haikuwa imepeleka umeme peke yake, bali ilikuwa imemwaga kitu, na kitu hicho ndicho leo kiitwacho asetilikolini. Loewi pamoja na Henry Dale walipata Tuzo ya Nobel kwa ajili ya kazi hiyo mwaka 1936.

Asetilikolini hufanya kazi yake kwa kuingia katika vipokezi vilivyo juu ya seli, kama ufunguo uingiavyo katika kitasa. Ikizunguka humo, moyo hupoa, tezi za mate hufunguka, matumbo hujikunja na kusukuma, mboni ya jicho husinyaa, na mirija ya mapafu hubana. Atropini nayo ni ufunguo wa sura inayokaribiana na ile. Huingia katika kitasa kilekile, lakini haizunguki, na madamu imo ndani, ufunguo wa kweli hauna pa kuingia. Haya yote matano hugeuka kinyume kwa pamoja: moyo hukimbia, mate hupungua, matumbo husimama, mboni hutanuka, mirija ya pumzi hupanuka. Hapa ndipo nilipoanza kuona kosa langu. Katika mambo matano nilichagua moja nikalifanya jina, na manne yaliyobaki nikayafunika.

Niruhusiwe kusema kidogo juu ya majina ya wenzetu, maana nayo si safi kuliko langu. Atropini imepewa jina la mmea Atropa belladonna, ambao Linnaeus aliuandika hivyo mwaka 1753. Atropos katika visa vya Wayunani ni mmoja wa ndugu watatu wa kike wanaoshika uzi wa uhai wa mwanadamu. Yeye ndiye aukataye, na jina lake lina maana ya asiyegeuzwa. Belladonna kwa Kiitalia ni mwanamke mzuri, kwa kuwa wanawake walitia utomvu wake machoni ili mboni zipanuke. Mnanaha, unaoota katika majalala na kando za mashamba yetu, una sumu za ukoo huohuo. Neno antikolinejiki lenyewe limejengwa juu ya neno la Kiyunani lenye maana ya nyongo, kwa sababu kolini ilipatikana kwanza katika nyongo ya wanyama, na Adolph Strecker akaipa jina hilo mwaka 1862. Basi mtu akilichambua neno hilo kwa asili yake atapata kitu kinachopinga nyongo, na dawa hii haina ugomvi wowote na nyongo. Vipokezi inavyovikalia huitwa vya muskarini, jina litokanalo na neno la Kilatini la inzi, kwa kuwa muskarini ni sumu ya uyoga uliotumiwa kuulia inzi. Hata hivyo, sijapata kusikia kwamba daktari wa Ulaya alidanganyika na nyongo au na inzi. Hawayasikii tena maneno hayo ndani ya neno. Jambo hili nitalirudia.

Turudi kwa mgonjwa mwenyewe. Mbwa anapopewa mofini au fentanili kabla ya upasuaji, maumivu hupungua, lakini hatamu ya moyo huvutwa. Daktari akilivuta jicho katika upasuaji wa macho, au akivuta matumbo, mwili hujibu kwa njia ya neva ileile, na moyo huweza kupunguza mapigo ghafla, hata kusimama. Mbwa wenye pua fupi huwa na hatamu iliyokaza tangu kuzaliwa. Watoto wa mbwa na wa paka wana udhaifu mwingine: moyo wa mtoto hauwezi sana kuongeza damu kwa kila pigo, hivyo wingi wa damu inayozunguka hutegemea wingi wa mapigo. Yakipungua mapigo, damu imepungua. Katika hali kama hizi atropini hutolewa, kwa kawaida miligramu 0.02 hadi 0.04 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 0.4 hadi 0.8 kwa mbwa wa kilo 20. Kiasi hiki hakijazi hata kijiko kidogo, nacho chatosha kuiachisha neva hatamu kwa muda wa saa moja au zaidi.

Dawa hii ina ukaidi ambao msomaji wa karatasi asipoambiwa ataogopa bure. Ikitolewa kwa kiasi kidogo mno, au katika dakika za kwanza baada ya sindano ya polepole, huweza kupunguza mapigo kabla ya kuyaongeza. Tena moyo ulioachiwa hukimbia, na moyo unaokimbia hutaka hewa safi nyingi zaidi. Kwa mnyama mwenye moyo mgonjwa hilo si tiba. Kuna na jambo la zailazini, dawa ya kutuliza inayojulikana sana kwa watibabu wa mifugo. Zailazini hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo lake, na moyo hujibu kwa kupunguza mwendo, kama mchukuzi apunguzavyo hatua anapopanda mlima. Daktari anayeyaona mapigo machache akakimbilia atropini humchapa mchukuzi huyo apande mbio. Kwa hiyo wengi huonya wawili hawa wasichanganywe bila sababu nzito. Katika rasimu yangu hapakuwa na dalili yoyote ya kwamba dawa hii ina uhusiano na moyo.

Farasi na punda hudhurika kwa upande wa matumbo. Utumbo wao ni mrefu na hauna budi kwenda bila kukoma. Ukisimama, gesi hukusanyika, na mnyama hupatwa na msokoto wa tumbo ambao huweza kumuua baada ya upasuaji uliokwenda salama. Tena mboni zikiwa zimetanuka, farasi anayeamka haoni vizuri karibu yake, naye ni mnyama wa kushtuka. Kwa hiyo kwao dawa hii hutolewa kwa dharura ya moyo, si kwa desturi.

Sasa ng'ombe, ambaye kwa ajili yake daktari yule alikuja kwangu. Ng'ombe mzima hutoa lita 100 za mate au zaidi kwa siku moja. Mate hayo si uchafu wa kukaushwa. Ndiyo yanayolainisha majani, na ndiyo yanayotuliza ukali wa uchachu katika tumbo lake kubwa la kwanza. Mtu asiye mtabibu akimwona ng'ombe amelazwa ubavu huku mate yanamtiririka atasema, kama nilivyosema mimi, kwamba hapa ndipo hasa inapotakiwa dawa ya kukausha mate. Lakini atropini kwa kipimo cha kawaida haiyakaushi. Huondoa sehemu ya maji yake, na yale yanayobaki huwa mazito ya kunata, ambayo yakiingia katika koo la hewa ni mabaya kuliko mate mepesi. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni tumbo. Tumbo la ng'ombe huchachusha majani bila kupumzika, na gesi yake hutoka kwa mbweu, ambazo hutegemea kuta za tumbo zijikunje. Atropini huzisimamisha kuta. Majani hayajui kwamba kuna upasuaji, yanaendelea kuchacha. Gesi inazidi, njia imefungwa, tumbo linavimba na kuyasukuma mapafu, na mnyama ambaye tayari amelazwa hapati nafasi ya kupumua.

Nilimwuliza, "Basi mate yake mnayafanyaje, Daktari?" Akasema hawayafanyi kitu, wanayaachia yatoke. Ng'ombe hunyimwa majani kwa muda kabla ya siku hiyo, kisha akilazwa huwekwa kitu chini ya shingo, mdomo ukaelekea chini ili mate yatiririkie nje, na mpira wa kupumulia wenye puto huingizwa katika koo la hewa, puto likajazwa ili chochote kinachopanda kutoka tumboni kisishuke mapafuni. Na upasuaji mwingi wa ng'ombe hufanywa akiwa amesimama, kwa ganzi ya ubavuni peke yake. Mbuzi na kondoo hufuata kanuni hiyohiyo. "Ukimwandikia kijana wa kijijini dawa ya kukausha mate," akasema, "mnyama wa kwanza atakayemfikiria ni yule mwenye mate mengi kuliko wote."

Hoja hii sikuweza kuijibu, na sijaweza mpaka leo. Jina langu lilikuwa limekwenda kumtafuta mgonjwa ambaye dawa haikumfaa.

Sungura alinifundisha jambo jingine. Wengi katika sungura wana kimeng'enya mwilini kinachoivunja atropini upesi, hata huweza kula majani ya Atropa belladonna yasiwadhuru. Kwao hutumiwa glaikopiroleti, dawa ya kazi hiyohiyo ambayo kimeng'enya hicho hakiivunji. Glaikopiroleti hukaa mwilini muda mrefu zaidi kuliko atropini, na kwa namna ilivyoumbwa haipiti kwa urahisi kuingia ubongoni wala kuvuka kondo la nyuma. Kwa mbwa hutolewa kiasi cha miligramu 0.01 kwa kilo. Lakini huchelewa kuanza, basi moyo unapokaribia kusimama mtu hukimbilia atropini.

Mpaka hapa mtu aweza kudhani kwamba atropini haina pa kukaa katika zizi la ng'ombe. Inapo, na pengine ndipo anapoifahamu zaidi ofisa mifugo wa kwetu. Baadhi ya dawa za kuulia kupe katika majosho, na za kunyunyizia mazao, ni za ukoo wa oganofosfeti. Sumu hizo huharibu kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, nayo hujaa kupita kiasi. Mnyama aliyekunywa maji ya josho, au aliyeogeshwa kwa dawa iliyokorogwa nzito, hutokwa na mate na machozi, huhara, mboni husinyaa, mapafu hujaa maji na misuli hutetemeka. Huyu hupewa atropini bila kusita, na kwa kiasi ambacho katika usingizi kingetisha: huweza kufika miligramu 0.5 kwa kilo, yaani miligramu 150 kwa ng'ombe wa kilo 300. Mwenye vichupa vya miligramu 1 atavunja vichupa 150. Pumzi itafunguka na moyo utarudi, lakini misuli itaendelea kutetemeka, maana vipokezi vya misuli ni vya aina nyingine ambayo atropini haivikalii. Hapo ndipo tunapoona kwamba hata jina antikolinejiki lilidai kuliko haki yake. Dawa hii haiipingi asetilikolini kila mahali, bali katika vipokezi vya muskarini peke yake, na wataalamu waangalifu huitaja kwa hivyo.

Katika taasisi zetu tumebishana muda mrefu juu ya kukopa na kubuni, na mimi nilikuwa upande wa kubuni. Sijauhama upande huo kwa jumla. Nusukaputi ni ubunifu ambao nisingeubadilisha kwa neno lolote la kukopa, kwa sababu kinachoelezwa na jina ndicho kinachotokea, kwa mbwa na kwa ng'ombe. Lakini jina linalojieleza hutoa amri pamoja na maelezo. Msomaji akisikia kukausha mate atakausha mate. Jina la kukopa, ambalo maana yake ya asili imezimika masikioni, halimwamuru mtu lolote. Humlazimisha asome mstari unaofuata. Kwa vitu vya nyumbani tofauti hii haina uzito. Kwa dawa yenye kazi tano, inayomfaa mnyama mmoja na kumdhuru wa pili, uzito wake ni wa mnyama mzima, na kwa mfugaji mwenye ng'ombe watatu ni theluthi ya mali yake.

Nilijaribu majina mengine. Kizuia-asetilikolini ni kweli, ila ni refu na linarudia kosa la kudai kuliko haki. Kilegeza-hatamu lilimpendeza daktari kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha akaniuliza litasemaje kwa upande wa tumbo. Mwisho tuliandika atropini, na kwa kundi zima tukaandika dawa za jamii ya atropini, ili anayelijua jina moja aweze kulifikia la pili. Chini yake tuliweka kazi zake zote tano, moyo ukiwa wa kwanza na mate ya mwisho, kisha mistari ya kila mnyama peke yake. Daktari alitaka mstari wa ng'ombe utangulie mistari yote, uandikwe kwa herufi nzito, nao ukawekwa hivyo: asipewe kabla ya usingizi kwa ajili ya mate, apewe akinywa sumu ya josho, na aliye karibu aanze kuhesabu vichupa.